Nimevua kolekole kwa mikono yangu, nikaambiwa nipaze dau mnadani! Yule nahodha wa Raskazone ashindwe na alegee

Mgosi wa Mikanjuni (mwanzisha uzi):

Wakuu, naandika bado nina chumvi masikioni. Wasimamizi tafadhali msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la utalii. Uacheni hapahapa kwenye malalamiko watu wauone.

Wa Tanga wote mnamjua, simtaji. Miwani ya giza saa kumi na moja alfajiri. Kofia ya unahodha, cheo kajipa mwenyewe. Boti ya faiba ya bluu, ubavuni kaandika HASIDI HANA SABABU. Huyo huyo. Ukipita Raskazone ukamsikia mtu anacheka kabla ya kichekesho kufika, ndiye.

Nikalipa. Kiasi sitaji maana mke wangu anasoma humu. Nikaahidiwa uvuvi wa kitalii: fimbo, chambo, chai, picha, na sulisuli, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki. Ati sulisuli! Kwamba kule mkondo wa Pemba wanarukaruka tu, kazi yangu kuchagua. Jamani, upepo wa kusi umekaza, nje ya kisiwa cha Ulenge bahari inachemka, kila mvuvi mwenye akili yuko barazani anashona nyavu. Nikamuuliza kwa adabu, kapteni, si tungengoja kaskazi? Akasema, "Bosi, samaki hana kalenda."

Mkondo wa Pemba wenyewe sijauona. Tumezunguka Ulenge mpaka ule mnara wa taa ukanizoea. Chai ilikuwa maji ya moto yaliyowahi kusikia habari za majani. Chapati zangu, nilizofungiwa nyumbani, kazimaliza yeye na kijana wake wakati mimi nimeinama ubavuni nalisha vibua bure.

Yote hayo nilishasamehe. Wallahi nilishasamehe.

Sasa tunarambaza, fimbo mbili nyuma, chambo cha bandia chenye manyoya mekundu. Mara rili ikalia. Ikalia tena, uzi unakwisha naona chuma cha rili kinachungulia. Kijana anapiga kelele, "Kaza breki! Usimpe mwamba!" Maana kolekole akishajua kanasa anakimbilia mawe, akifika huko anakukatia uzi anakuacha na fimbo yako. Nimepambana mpaka mikono ikawa ya mtu mwingine. Fimbo imenichimba tumboni, hapa ninapoandika nina duara jekundu chini ya kitovu. Nahodha kashika usukani kwa kidole kimoja, mkono wa pili simu sikioni, anagombana na mtu kuhusu kuku. Hakugeuka! Kageuka samaki alipopigwa kulabu na kulazwa botini, hapo ndipo alipovua miwani kwa mara ya kwanza.

Kolekole, wakuu. Mwili fedha, paji la uso limesimama, kutoka chini mpaka kiunoni kwangu. Nikampiga picha, nikamtumia baba mkwe. Mzee akajibu, "Mwanangu, leo nyama haipikwi hapa."

Tukapitia Deep Sea, soko letu la samaki. Nikanyoosha mkono nichukue samaki wangu. Yule bwana akanipigapiga begani, mkono umejaa utelezi wa samaki, MKONO UMEJAA UTELEZI, akasema: "Samaki wa boti, bosi. Wewe umelipia kuvua, hukulipia samaki."

Nikadhani masihara. Nikacheka. Kolekole huyo anapita, kabebwa, katupwa sakafuni, dalali kashaanza kuita. Nikasema kwa sauti, jamani huyo wangu! Dalali akanitazama kuanzia ndala mpaka kichwani, akasema: "Basi paza dau."

Basi paza dau!

Nimebaki na elfu ishirini ya bajaji. Nikataja elfu ishirini. Mama mmoja wa kukaanga, kashika beseni, akasema ishirini na tano bila hata kunigeukia. Nikamtazama nahodha. Nahodha anahesabu chenji. Samaki akaingia kwenye beseni, mkia unaning'inia nje unanipungia.

Umelipia kuvua, hukulipia samaki. Haki ya Mungu. Ina maana ukienda kinyozi unalipia kunyoa, nywele zikianguka anauza? (Enhe, hilo kweli huwa siendi nazo nyumbani, lakini mmenielewa.)

Baba mkwe kashapiga simu mara nyingi, nimeizima. Mnisaidie, huyu mtu tumfanyeje?

Kibua Mkavu:
Ngoja nielewe mkuu. Umeshindwa mnada wa samaki wako mwenyewe?

Kibua Mkavu:
Na mama wa kukaanga?

Kibua Mkavu:
Kwa elfu tano?

Mtoto wa Mchukuuni:
HASIDI HANA SABABU namjua vizuri. Alimpeleka shemeji yangu upande wa kisiwa cha Jambe kuangalia pomboo. Kamwonyesha mfuko wa plastiki, akasema yule ni mtoto, mama yake kazama kidogo. Shemeji kapiga na picha.

Dokta Ndoano:
Mkuu pole, ila tuseme ukweli. Boti nyingi za kukodi ukanda huu ndivyo zinavyofanya, hata Watamu na Malindi huko Kenya. Samaki ni wa boti, mteja anapewa kipande cha kupika. Na hao sulisuli uliokuwa unawaota, wengi huwekwa alama na kurudishwa majini wakiwa hai, kwa hiyo hata ungempata usingerudi naye kwa mkwe. Haya mambo huulizwa kabla hujatoa hela. Halafu kwenda kuwatafuta kwenye kusi ni kujitakia, msimu wao ni kaskazi, Desemba kwenda Machi bahari ikiwa imetulia.

Mgosi wa Mikanjuni:
Kipande? KIPANDE? Dokta, mimi hata gamba sikupewa! Nimeondoka na harufu tu. Dereva wa bajaji kanikalisha pembeni kabisa mguu nje.

Na nimesema nilimuuliza kuhusu kaskazi. Soma uzi.

Shangazi wa Chumbageni:
Pole mwanangu. Lakini kolekole huyo alikuwa mkubwa kiasi gani hasa? Maana kwa elfu ishirini na tano pale Deep Sea mimi sipati kolekole wa kufika kiunoni. Labda kiuno chako kiko chini.

Mgosi wa Mikanjuni:
Shikamoo shangazi. Alikuwa mkubwa, tena kwa kweli alinikaribia kifua. Ule mnada ulikuwa wa kupanga, wanajuana wale.

Kibua Mkavu:
Bandiko la kwanza kiunoni, sasa kifuani. Wakuu tusubiri isha, atakuwa nyangumi.

Shangazi wa Chumbageni:
Marahaba. Weka picha basi, si ulimpiga.

Mgosi wa Mikanjuni:
Shangazi picha ina kidole changu mbele, ila mkia unaonekana. Tusitoke kwenye mada. Mtu kanipigapiga begani kwa mkono wa utelezi, shati la kuazima, akaniambia hukulipia samaki. Hilo ndilo tunalojadili.

Mzaramo Mtulivu:
Nyie wa Tanga mnadeka. Angalau mmerudishwa nchi kavu kwa wakati. Mimi Bagamoyo nilichukuliwa na familia kwenda Mwambakuni, kuogelea na kuvuavua kidogo kwa mshipi wa mkono. Kijana wa boti akasema nawaacha hapa nafuata mafuta, narudi saa nane. Lile ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linaondoka. Na siku yenyewe ni bamvua, maji yanajaa kupita kawaida. Saa nane hayupo. Saa tisa hayupo, mchanga unapungua, tunasogeza vyombo. Saa kumi tumebaki na pa kuweka sufuria na mama mkwe. Kaja anatafuna muwa, ananiuliza, "Mmefurahi?"

Mtoto wa Mchukuuni:
Pa kuweka sufuria na mama mkwe 😂😂 nani alisimama wapi?

Mzaramo Mtulivu:
Mama mkwe alikalia ndoo. Hajaongea na mimi tangu hapo. Wanandugu wanasema ndiyo faida pekee ya safari.

Mgosi wa Mikanjuni:
Mzaramo fungua uzi wako ndugu yangu. Hapa tunazungumzia MNADA.

Mzee wa Kigombe:
Vijana mnalilia kolekole mmoja. Sisi huku tulikaa miaka na miaka tukisikia baruti zinalia asubuhi hata kabla ya chai, dirisha linatetemeka, mwamba unakuwa kifusi. Mtu anaokota kapu moja, anaharibu makazi ya samaki wa wajukuu zake. Siku hizi angalau kumetulia, ndiyo maana hata huyo kolekole wako ulimpata. Ungemshukuru Mungu kwanza.

Mgosi wa Mikanjuni:
Mzee shikamoo. Namshukuru Mungu. Ila na huyo mwenye miwani naye nimshukuru?

Dokta Ndoano:
Mzee wa Kigombe kasema kweli. Halafu huko kwao ndiko kwenye silikanti, yule samaki wataalamu walidhani katoweka tangu enzi za dinosaria. Hifadhi yake imeanzishwa 2009. Anakaa kilindini kwenye mapango, kule mita mia na kuzidi.

Kibua Mkavu:
Kumbe ndiyo siri ya kudumu. Hajawahi kupitia Deep Sea.

Bi Harusi wa Kaskazi:
Samahani naingilia. Huyo mama wa kukaanga ana beseni la kijani lenye ufa umeshonwa kwa waya?

Mgosi wa Mikanjuni:
NDIYO! Unamjua?

Bi Harusi wa Kaskazi:
Niko kwake hapa Ngamiani sasa hivi. Kolekole kakatwa, vipande vinaingia mafutani kimoja kimoja. Nimekula kimoja. Mtamu, ila chumvi kidogo imezidi.

Kibua Mkavu:
Chumvi ni machozi ya mwenyewe.

Mgosi wa Mikanjuni:
Kipande bei gani?

Bi Harusi wa Kaskazi:
Elfu nne, cha tumbo elfu tano. Kichwa kashamwekea mteja wake.

Mgosi wa Mikanjuni:
Mwambie kichwa asikitoe! Nakuja! Mwambie mimi ndiye niliyemvua!

Bi Harusi wa Kaskazi:
Nimemwambia. Kasema, "Wote husema hivyo."

Mtoto wa Mchukuuni:
Elfu nne kipande? Hiyo ndiyo kero ya kufungulia uzi. Mwaka jana nilikuwa nakula Ngamiani kwa nusu yake, na kachumbari juu. Sasa kachumbari wanakuuzia kwenye kisahani chake, na ukwaju wanakupimia kwa kifuniko cha soda.

Shangazi wa Chumbageni:
Mafuta ya kula yamepanda mwanangu. Anayekaanga naye ana watoto.

Mtoto wa Mchukuuni:
Shangazi mafuta gani? Yale yamekaanga mihogo, yakakaanga samaki, yakakaanga na mabawa ya kuku, yakienda shule yangekuwa kidato cha nne.

Mzaramo Mtulivu:
Njooni Bagamoyo soko la samaki jioni mle pweza. Kipande bei ya kawaida, supu anakuongezea mpaka ukatae mwenyewe.

Mzee wa Kigombe:
Pweza wa Bagamoyo? Kijana unamwambia nani? Pweza mnachemsha mpaka anakuwa ndala. Pweza apigwe kwanza kwenye jiwe, tena apigwe na mtu mwenye subira.

Mzaramo Mtulivu:
Mzee kwa heshima zote, Tanga mna nini zaidi ya machungwa ya Muheza?

Mzee wa Kigombe:
Coastal Union bingwa wa nchi 1988. Endelea.

Kibua Mkavu:
Mzee tangu 1988 mpaka leo ni muda wa silikanti kupumzika.

Mgosi wa Mikanjuni:
Wakuu nimefika Ngamiani, kichwa kimeshaenda. Kamuuzia nani? Mteja wake ni yule yule mwenye miwani! Kaja na kofia, kachukua kichwa, kaondoka! Jamani mnasoma? Kala chapati zangu, kauza samaki wangu, sasa anakwenda kunywa mchuzi wa kichwa changu!

Dokta Ndoano:
Kichwa cha samaki mkuu. Wewe chako unacho.

Mtoto wa Mchukuuni:
Mzee wa Kigombe usiniguse kuhusu Coastal. Nilikwenda Mkwakwani nikakaa juani mpaka fulana ikabadilika rangi, aliyekaa mbele yangu kafungua mwavuli. Mwavuli, uwanjani! Nilimwambia shusha, akasema kanunua tiketi.

Mzaramo Mtulivu:
Kwani mwavuli si haki yake?

Mtoto wa Mchukuuni:
Haki yake? Goli nimeliona kwenye simu ya jirani!

Shangazi wa Chumbageni:
Mimi naomba kuuliza, hivi bajaji za kutoka Mkwakwani usiku huwa bei gani siku hizi? Ya jana kanitoza elfu tano mpaka Chumbageni pale pale, nikamwambia mwanangu, kwa hela hiyo hata mgongoni ungenibeba.

Bi Harusi wa Kaskazi:
Shangazi elfu tano? Wa namba gani huyo? Kaniharibia na mimi gauni juzi, kiti kina msumari.

Shangazi wa Chumbageni:
Mwembamba, redio juu kabisa, kila akikata kona anasema samahani mama.

Bi Harusi wa Kaskazi:
NDIYE HUYO HUYO. Nafungua uzi.