Lunr, Pagefind au SQLite FTS5: zana ipi ya kutafuta inafaa kwa nyaraka za rejea?

mpangafaili
Wakuu, salaam. Nyaraka za rejea za maktaba ya programu, kurasa kama 1,200 za HTML tupu, hakuna seva nyuma yake. Mtu akiandika kipande cha jina la fankisheni anaambulia patupu. Ipi inalipa kati ya hizo tatu?

kasikasi
Kwa ukubwa huo Lunr iache. Faharasa yake nzima (orodha ya maneno na kurasa yalipo) lazima ishuke kwenye kivinjari kabla ya jibu la kwanza kuonekana. Pagefind huikata vipande na kushusha vile tu vinavyohusu neno lililoandikwa. Ukishajenga kurasa, endesha `npx pagefind --site public`.

Weka sifa ya HTML `data-pagefind-body` kwenye sehemu ya maelezo peke yake, la sivyo menyu ya pembeni iliyojengwa kwa `<div>` itaingia kwenye faharasa na kila ukurasa utaonekana una kila jina. Ila iweke kurasa zote: ukiiweka hata mmoja tu, zisizo nayo zinaachwa nje kimya kimya.

nukta_mbili
Naongezea kuhusu Lunr, maana wengi wanayo bila kujua. Orodha yake ya maneno ya kutupwa ina `get`, `let`, `if` na `while`. Kwenye makala ya kawaida haina shida; kwenye rejea ya lugha ya programu, ukurasa wa `while` upo na haupatikani! Dawa ni `this.pipeline.remove(lunr.stopWordFilter)`. Tena hukata maneno kwenye nafasi na kistari tu, kwa hiyo `fs.readFile` inabaki neno moja, na anayetafuta `readFile` hapati kitu.

mchongo
FTS5, kitafutaji kilichomo ndani ya hifadhidata ya SQLite, ina ugonjwa wa upande wa pili. Kwa kawaida hukata kwenye `_`, hivyo `read_file` inalingana na "read file" iliyo katikati ya sentensi yoyote. Andika `tokenize = "unicode61 tokenchars '_'"` kwa maelezo ili `_` ihesabiwe kama herufi, kisha majina yawe na jedwali lao la `trigram`, inayokata neno vipande vya herufi tatu tatu (SQLite 3.34 kwenda juu), ili kipande cha jina kipatikane. `trigram` haijibu chini ya herufi 3, kwa hiyo `os` na `io` zitafute kwa `=` kwenye safu ya kawaida.

Uzito wa kupanga matokeo: `ORDER BY bm25(kurasa, 10.0, 4.0, 1.0)` kwa jina, kichwa, maelezo; `bm25` ndiyo alama ya jinsi ukurasa unavyolingana na neno. Usiweke `DESC`, bora ndiyo yenye namba ndogo zaidi.

mpangafaili
Shukrani mkuu. Seva ya kuendesha FTS5 siwezi kuongeza, basi Pagefind. Majina yaliyounganishwa kama `readFile` je?

kasikasi
Usiiachie injini ikisie. Unapojenga kurasa, pasua jina mwenyewe, ukiandika kwenye kichwa:

`<h2 data-majina="read file" data-pagefind-index-attrs="data-majina" data-pagefind-weight="10">readFile</h2>`

10 ndiyo mwisho wa uzito.

nukta_mbili
Na matoleo ya zamani! Kurasa tano za `readFile` zinazofanana zitagombania nafasi ya juu. Weka `data-pagefind-filter="toleo:3.2"` na kichujio kianze kwenye toleo jipya.

mchongo
Ukijaribu kwa kubofya faili moja kwa moja, `file://`, Pagefind haitafanya kazi. Tumia `npx pagefind --site public --serve`.