Brazzaville: jina libaki, au paitwe Mfoa?

Wakuu, hoja naisikia kila mara: Léopoldville imekuwa Kinshasa, Stanleyville imekuwa Kisangani, zote mwaka 1966. Kwa nini basi ng'ambo ya pili ya mto Kongo Brazzaville, mji mkuu wa Jamhuri ya Kongo, uendelee kubeba jina la mvumbuzi wa kikoloni, Pierre Savorgnan de Brazza? Parudishiwe Mfoa, jina la kijiji cha Wateke kilichokuwepo pale.

Mimi nasema libaki. Ila utetezi wa "mzungu mwema" siukubali hata kidogo. Ni kweli de Brazza hakusafiri kwa mtutu kama Stanley, mvumbuzi aliyemtumikia mfalme Leopold wa Ubelgiji ng'ambo ya pili. Ni kweli pia kwamba mwaka 1905 alitumwa kuchunguza ukatili wa makampuni ya Kifaransa, akakusanya ushahidi, akafia Dakar akiwa njiani kurudi, na ripoti Paris wakaifungia. Lakini makampuni hayo yalipitia mlango gani? Ni mkataba uleule wa 1880 aliofunga na Makoko, mfalme wa Wateke, uliowapa Wafaransa eneo hilo. Halafu aliyebaki akilinda kituo cha Wafaransa pale na kumkatalia Stanley alikuwa sajenti Malamine Camara kutoka Senegal. Mbona huyo hamumtaji?

Kuhusu matamshi, acheni kuwacheka wanaosema "Brazavile". Mfaransa husema "Brazavil". Mwenye jina alizaliwa Muitalia mwaka 1852, Pietro di Brazzà, na kwao hutamkwa "Bratsa", mkazo mwishoni. Brazzà yenyewe ni jina la mahali huko Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia. "Ville" ni mji tu. Wenyeji wamelikata, wanasema "Brazza", wakaendelea na shughuli zao.

Na wenyeji hao nafasi ya kulifuta waliipata. Serikali ya Kimarx, 1969 hadi 1991, ilibadili bendera, wimbo wa taifa na jina la nchi. Mji mkuu haikuugusa. Dolisie, mji mwingine wenye jina la Mfaransa, ukaitwa Loubomo mwaka 1975. Mwaka 1991 ukarudi kuwa Dolisie.

Kinachonikera mimi ni lile kaburi la fahari la 2006 mjini humo, mifupa ya Brazza ikaletwa kutoka Algiers alikokuwa amezikwa. Jina walilirithi, kaburi wamejenga wenyewe, wakiwa huru.

Sasa mnaotaka Mfoa, nijibuni: Loubomo ilishindwa wapi?