Naomba ushauri: nataka kumpeleka mamangu Chicago siku tatu, hatujawahi kufika

BintiPwani

Salaam aleikum na hamjambo nyote. Mimi ni mtu wa Mombasa, mwaka wa sita huu niko Grand Rapids, Michigan. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Kwa miaka yote hiyo sijatoka mji huu kwa ajili ya kupumzika. Ni kazi, usingizi, kutuma pesa nyumbani, kazi tena.

Sasa mamangu amekuja kunitembelea na mwisho wa Oktoba anarudi. Juzi tulikuwa tunakunywa chai, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo Amerika niliyokuwa nikiisikia iko wapi? Mbona kila nikitoka naona maegesho ya magari tu?" Neno lile limenikaa moyoni. Nimeomba ruhusa kazini, nimepewa Jumamosi mpaka Jumatatu, wikendi ya pili ya Oktoba.

Mpango wangu ni huu. Jumamosi tukifika tupande lile ghorofa refu la Willis, tuone Bean, ile sanamu kubwa inayong'aa, tuingie jumba la sanaa, jioni Navy Pier. Jumapili boti ya mtoni, bustani ya wanyama ya Lincoln Park, Chinatown, ufukweni. Jumatatu makumbusho mawili, maduka ya Michigan Avenue, halafu tuwashe gari turudi.

Mama ana miaka 68. Goti la kulia linamsumbua, ngazi kwake ni mtihani. Hali nyama isiyo halali, na sala hazimpiti. Kiingereza anasikia kidogo. Nimetenga dola 900 kwa kila kitu, sote wawili.

Naomba mnishauri: niende na gari langu au treni? Hoteli ya katikati ya mji au ya pembeni iliyo nafuu? Na huu mpango mnauonaje?

DerevaWaUsiku

Aleikum salaam, binti. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeendesha teksi Chicago miaka kumi na minne. Kabla ya yote, badilisha tarehe. Jumapili ya pili ya Oktoba ndiyo siku ya mbio za marathoni za Chicago. Wanakimbia watu zaidi ya 40,000, barabara za katikati zinafungwa tangu alfajiri, na vyumba vya hoteli vinapanda bei vibaya sana. Ukiwa na mzazi mwenye goti bovu utakwama upande mmoja wa barabara na hoteli yako iko upande wa pili.

Gari liache nyumbani. Kuegesha kwenye hoteli za katikati mara nyingi kunapita dola 50 kwa usiku mmoja. Usiku mbili ni zaidi ya mia, na mchana gari lenyewe hutalitumia.

MwanafunziMsafiri

Kaka Dereva, mimi ningemwambia aende siku hiyohiyo! Mwaka 2023 marehemu Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia hapo Chicago, saa 2:00:35. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya barabara na bendera ya Kenya mabegani, nililia kama mtoto. Mama wa Kikenya kuwaona vijana wa nyumbani wakiongoza mbele ya umati ule, hilo halinunuliki.

DerevaWaUsiku

Nakuelewa mdogo wangu, na Kiptum Mungu amlaze pema. Lakini wewe ulisimama saa tatu kwa miguu ya ujana. Huyu mama atasimama wapi?

Mkivu

Jambo dada. Sisi ni Wakongo, tuko hapahapa Grand Rapids, jirani zako. Panda treni. Iko moja tu kwa siku, Pere Marquette ya Amtrak. Inaondoka alfajiri na inachukua kama saa nne. Chicago iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ukishuka bado ni asubuhi na siku nzima iko mbele yako. Kurudi inatoka Chicago jioni, na hapa mnafika karibu na usiku wa manane. Panga kabisa mtu wa kuja kuwapokea.

Sisi mwaka wa kwanza tulikwenda na gari. Tuliegesha pahali tukidhani panaruhusiwa, tukarudi gari halipo, limevutwa. Tulilipa pesa ambayo ingetutosha kwa chakula cha safari nzima. Watoto walikaa kwenye ubaridi saa mbili tukilitafuta. Tangu hapo ni treni tu.

Pasipoti ya mama usiiache nyumbani. Ndani ya treni wanaweza kuomba kitambulisho, na mgeni anatakiwa atembee na karatasi zake. Beba chakula chenu pia, kwenye treni wanakubali. Chapati na mayai ya kuchemsha vinatosha.

MamaWatatu

BintiPwani mdogo wangu, nimesoma mpango wako mara mbili. Nakuambia kwa upendo: huo ni mpango wa msichana wa miaka ishirini aliye peke yake. Nilimtembeza mama mkwe wangu Chicago, yeye alikuwa na 71. Siku ya kwanza nilimpeleka mahali panne. Siku ya pili hakuinuka kitandani, miguu imevimba, na hakulalamika hata kidogo. Nilijilaumu sana. Wazazi wetu hawasemi "nimechoka", wanasema "twende tu".

Weka jambo moja kubwa kwa siku, na jingine dogo la kukaa kitako.

Siku ya kwanza mkishuka kwenye treni, pelekeni mizigo hotelini hata kama chumba hakijawa tayari, huwa wanaitunza. Mama alale. Alasiri nendeni Millennium Park mkaone Bean. Lile dude ni kama tone kubwa la zebaki. Mama atajiona ndani yake na majengo yote ya mji yamejipinda nyuma yake. Hakuna kiingilio. Ng'ambo ya barabara kuna Chicago Cultural Center, lililokuwa jengo la maktaba ya mji tangu 1897. Nalo ni bure, lina lifti, vyoo na viti, na juu kuna kuba la vioo vya rangi. Mama mkwe wangu alikaa chini ya kuba lile akivuta tasbihi yake kwa muda mrefu, na hakuna aliyemsumbua.

Usafiri wa ndani: treni za juu ni nzuri kwa kutazama, lakini si kila kituo kina lifti. Angalia ramani yao kwanza, vituo vyenye lifti vina alama ya kiti cha magurudumu. Mabasi ndiyo rafiki wa goti. Mwombe dereva, anaishusha ngazi mpaka karibu na ardhi.

DerevaWaUsiku

Naongezea hapo kwa dada. Hoteli chukua ya katikati. Ile nafuu ya pembeni itakula tofauti yote kwa nauli za teksi, na mama hataweza kurudi mchana kujinyoosha. Bei unayoiona mtandaoni siyo utakayolipa: kodi ya hoteli Chicago inapita asilimia 17, na nyingine zina ada yao ya kila usiku wanayokutajia mwishoni. Mgeni wangu mmoja aliona chumba cha dola 139, akatoa 190. Soma mpaka chini kabla hujabonyeza. Kama kazini wanakuruhusu, chukua Jumapili mpaka Jumanne, usiku wa Jumapili bei huwa imeshuka.

Sala: kuna msikiti mtaa wa State, katikati kabisa, unaitwa Downtown Islamic Center. Chakula: nendeni Devon Avenue, kaskazini mwa mji. Mtaa mzima ni Wahindi na Wapakistani, nyama halali, biriani, mishikaki, chai ya maziwa yenye iliki. Mtu wa Mombasa atajisikia yuko nyumbani. Treni ya njia nyekundu mpaka kituo cha Loyola, pana lifti, halafu basi la 155.

Ile pizza nene ya Chicago ijaribuni, ila uliza kuhusu soseji, nyingi ni nguruwe. Agiza ya jibini na mboga, na muwe na subira, kuoka kwake kunachukua zaidi ya nusu saa.

MwanafunziMsafiri

Nimekubali yaishe kuhusu marathoni. Basi boti msiiache. Kama dakika tisini mmekaa, majengo yanapita yenyewe, goti halina kazi. Uliza tu mahali pa kuteremkia bila ngazi. Na umtafsirie mama hili: mto ule ulikuwa unaingia Ziwa Michigan na uchafu wote wa mji, na ziwa ndilo watu wanalokunywa. Mwaka 1900 wakachimba mfereji na kuugeuza mto urudi nyuma. Mpaka leo unatiririka kinyume cha ulivyoumbwa.

Willis ni ghali na foleni yake ni ndefu. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park ni bure, lakini mtu wa Tsavo na Mara ataona nini pale?

BintiPwani

Nyote mmenifumbua macho, sina cha kuwalipa. Nimesogeza mbele kwa wiki moja, Jumapili mpaka Jumanne. Tiketi za treni nimekata. Willis nimeifuta.

MwanafunziMsafiri, umetaja Tsavo nikacheka. Mama kazaliwa Voi. Babu yangu alikuwa mtu wa reli, ndiyo maana wakahamia Mombasa baadaye. Swali la mwisho: kati ya makumbusho, nikichagua moja tu, ni lipi?

DerevaWaUsiku

Kazaliwa Voi? Baba mtu wa reli? Binti, basi swali lako limejijibu. Wale simba wa Tsavo waliokula vibarua wa reli mwaka 1898 wako Chicago. Wako Field Museum, wawili wote, wamewekwa ndani ya kioo. Patterson, yule afisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa akisimamia daraja la Tsavo, aliwaua Desemba ya mwaka ule, akazifanya ngozi zao mazulia nyumbani kwake kwa miaka 25 hivi, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba hilo kwa dola 5,000. Mimi natamani warudi Kenya, na si peke yangu. Lakini maadamu wako hapa na mama yuko hapa, mpeleke.

MamaWatatu

Nywele zimenisimama. Usimwambie mpaka mfike.

Basi la 146 linawashusha hapo. Kiingilio kwa mtu wa nje ya Illinois kinakaribia dola 30 kwa mtu mzima. Zile siku za bure ni za wakazi wa jimbo tu, wenye kitambulisho. Mkiingia tu uliza kiti cha magurudumu. Usione haya, na yeye mwambie ni cha kubebea mikoba. Na koti! Upepo wa lile ziwa mwezi wa kumi si mzaha kwa mtu wa Pwani. Soksi mbili, na kilemba cha sufu ndani ya mtandio.

BintiPwani

Narudi kama nilivyoahidi. Tumefika salama juzi usiku, Mkivu mwenyewe alikuja kutupokea stesheni na gari likiwa limeshapashwa moto. Mungu amjaze.

Bean mama aliizunguka mara tatu akitafuta uso wake. Devon alikula biriani akamwita mpishi kumshukuru, yeye kwa Kiswahili, mpishi kwa Kiurdu, wakaelewana. Kwenye boti niliposema mto unarudi nyuma aliniomba nirudie, halafu akanyamaza muda mrefu akitazama maji.

Siku ya tatu ndiyo nilikuwa nayo wasiwasi. Nilimsukuma kwenye kiti mpaka pale kwenye kioo bila kusema neno. Akawatazama. Hawana manyoya ya shingoni, mmoja amesimama, mwingine kajiinamisha. Nikamwambia, "Mama, hawa ndio wale wa Tsavo." Akasema, "Wale wa baba?" Nikasema ndiyo. Akaomba nimsaidie ainuke.

La kwanza alilosema ni, "Mbona wadogo?" Nikamweleza kwamba ngozi zilikuwa zulia, kingo zilikatwa, ndiyo maana wamepungua. Akaanza kunihadithia alivyohadithiwa na babu: vibarua walivyowasha mioto usiku kucha, walivyopanga boma la miiba na simba bado wakapita, Wahindi waliopanda juu ya matangi ya maji wakalala huko. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya babu. Kikundi cha watoto wa shule kikasimama kumsikiliza, na hawakujua hata neno moja. Alipomaliza akainua mikono akawasomea Fatiha wale vibarua, Waafrika na Wahindi, waliokuja kutafuta riziki mbali na kwao. Mimi nilishindwa kuitikia amina kwa sauti.

Gharama zote dola 860, na hoteli ilizuia dola 100 nyingine kwenye kadi kama amana, bado nazisubiri. Anayekwenda aache nafasi hiyo kwenye kadi yake.

Tulipotoka, ziwa liko palepale mbele ya jumba. Mama hakuamini kwamba si bahari, ng'ambo haionekani. Kuna ngazi za mawe, asingeweza kuteremka. Nikashuka mimi, nikachota kwenye kikombe chake cha chai nikampandishia. Akachovya kidole, akakiweka ulimini, akanitazama. "Maji matamu," akasema. "Yote haya, maji matamu."