Kufanyia kazi nyumbani: iwe haki ya mfanyakazi au ibaki hisani ya bosi?

MLETA MADA, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Nianze na jirani yangu wa Chanika. Wiki ya pili tangu ofisi yetu ituruhusu kufanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki, alibisha hodi saa nne asubuhi na nusu ndoo ya maembe mkononi. Akakaa, akanitazama, akasema, "Pole sana jirani. Riziki anayo Mungu." Kumbe ameniona nipo Jumatatu, nipo Jumanne, nipo Jumatano, tena nimevaa msuli, akajumlisha mwenyewe kwamba nimefukuzwa. Nikamwambia niko kazini sasa hivi, laptopu ile pale mezani. Akaitikia kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa malaria.

Simlaumu, maana hata jina la jambo lenyewe hatuna. Ukisema "kazi za nyumbani" mtu anaelewa kufua na kuosha vyombo, au maswali aliyopewa mtoto shuleni.

Sasa mwezi uliopita imetoka barua kutoka utumishi: kuanzia tarehe mosi wote turudi ofisini, siku tano. Sababu iliyoandikwa ni "kuimarisha mshikamano na tija". Ndipo nauliza: kwa kazi ambazo mtu anazifanya kwa kompyuta na simu tu, je, sheria impe mfanyakazi haki ya kudai siku za kufanyia kazi nyumbani, au libaki jambo la bosi akiamka vizuri?

Mimi nasema iwe haki. Hesabu yangu ni hii. Natoka Chanika saa kumi na robo tatu alfajiri, nakuwa Posta saa moja na robo. Jioni natoka saa kumi na moja na robo, nafika saa mbili kasoro robo kama foleni ya Tazara imekuwa na huruma. Hizo ni saa tano kwa siku, 25 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wiki ya kawaida isizidi saa 45. Maana yake mimi nafanya zaidi ya nusu ya wiki nyingine ya kazi nikiwa nimening'inia kwenye bomba la daladala, bila malipo, na hakuna anayenufaika. Bosi hanufaiki, mimi sinufaiki, konda peke yake.

Kuhusu "tija", naomba tusidanganyane. Ofisi za nchi hii tunazijua. Koti limetundikwa kwenye kiti tangu saa mbili, miwani iko juu ya faili, mwenyewe yuko Kariakoo anafuatilia mzigo wake. Koti lina mahudhurio asilimia mia. Anayetegea atategea popote; nyumbani angalau haonekani ameketi, kwa hiyo inabidi umpime kwa alichofanya.

Na utafiti upo. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia wahudumu wa simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip huko Shanghai, miezi tisa kuanzia mwishoni mwa 2010. Waliofanyia kazi nyumbani siku nne kati ya tano utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13. Mwaka 2024 akatoa mwingine kwenye kampuni hiyohiyo, ambayo sasa inaitwa Trip.com, wafanyakazi 1,612: waliopewa siku mbili za nyumbani hawakupitwa na wenzao kwa kupandishwa vyeo, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Bosi anayelalamika kila siku kwamba vijana hawakai kazini, dawa hiyo.

Karibuni. Matusi hapana.


MWENYE KAMPUNI, Arusha

Mkuu, umeandika vizuri lakini umeandika kama mwajiriwa. Mimi nina watu 11, tunafanya uhasibu na malipo ya mishahara kwa hoteli na kampuni za utalii. Nilijaribu. Mmoja wao nilikuja kugundua ana ajira mbili, yangu na ya kampuni nyingine, kwa saa zilezile, kwa laptopu niliyonunua mimi. Kwenye vikao kamera haiwaki, "mtandao unasumbua bosi". Mwaka mzima mtandao unasumbua, ila kwenye hadhi za WhatsApp mtandao uko sawa.

Halafu msione ni roho mbaya ya Waswahili. Yahoo waliwaita watu wao ofisini mwaka 2013. Amazon wamerudisha siku tano kuanzia Januari 2025. Hata Zoom, hao hao wanaouza chombo cha kukutania mtandaoni, mwaka 2023 waliwataka wafanyakazi wanaoishi karibu na ofisi wafike angalau siku mbili kwa wiki. Muuza miwani akianza kutembea na fimbo, na wewe jiulize.


MCHANGIAJI, Nairobi

Jamani, ndugu zangu wa Bongo, huku tumeshapita hapo. Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza waajiri waruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, tulishangilia. Baada ya miezi miwili simu ya bosi ilikuwa inalia saa nne usiku: "Uko kwa nyumba tu, si ndio? Nitumie hiyo ripoti." Foleni ya Thika Road niliiacha, lakini ofisi ikanifuata hadi chumba cha kulala.

Ndiyo maana mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei alipeleka mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na barua pepe baada ya saa za kazi. Shirikisho la waajiri, FKE, likaupinga. Ufaransa wana haki hiyo tangu Januari 2017 na wanaendelea kula mkate. Kwa hivyo, mleta mada, ukidai haki ya kukaa nyumbani, dai kwanza haki ya kuzima simu. Bila ya pili, ya kwanza ni mtego.


MCHANGIAJI, Tanga

Mimi ni mhitimu. Ajira yangu ya kwanza ilikuwa ya nyumbani asilimia mia. Miezi minane sikumjua mtu hata mmoja isipokuwa kwa duara lenye herufi mbili za jina lake. Nikikwama, ofisini ningegeuka nyuma nimuulize mkongwe. Mimi ilibidi niandike ujumbe, nisubiri, nione aibu, nikae kimya. Nyie wenye miaka kumi kazini mlishajifunza, ndiyo maana mnaitaka sebule.


MCHANGIAJI, Dar es Salaam

Mimi si mtu wa kompyuta, mama yangu ndiye aliyenisomesha kwa jiko. Anapika mchana karibu na maofisi ya Posta, wali maharage, samaki, matembele. Kabla ya hizi siku za nyumbani alikuwa anauza sahani 60 kila siku. Sasa Jumatatu na Ijumaa zikifika 20 anashukuru, ndizi zinabaki, mchele uliobaki tunakula sisi hadi kesho yake. Yeye hawezi kumpikia mtu kwa Zoom. Mlinzi, mfagizi, kijana wa bodaboda pale kona, wote hao ofisi ikihamia Chanika hawahami nayo. Mnaposema "wafanyakazi wapewe haki" mnasema wafanyakazi gani?


MLETA MADA

Dada, swali lako limeniuma na sina jibu la kukuridhisha. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi nikiwa Chanika nakula chipsi kwa mama mwingine palepale kituoni, naye ana watoto wanaosoma. Pesa imehama mtaa. Lakini najua haimrudii mama yako.

Mwenye kampuni: huyo wa ajira mbili umemkamata vipi? Bila shaka kwa kazi kuharibika. Basi ungemkamata hata angekaa mbele yako, na labda ungechelewa zaidi, kwa sababu ungekuwa unaangalia koti.


MCHANGIAJI, Mwanza

Nimesoma ule utafiti wa Shanghai anaojivunia mleta mada, nikakuta jambo alilolipita. Ili mtu aruhusiwe kushiriki ilibidi awe amekaa kazini angalau miezi sita, awe na intaneti ya kasi nyumbani, na awe na chumba cha kufanyia kazi peke yake. Na jaribio lilipoisha, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walichagua kurudi ofisini, wengi wakisema upweke.

Sasa tupime kwa hali zetu. Mimi na mume wangu tuna vyumba viwili na sebule, watoto watatu, mama mkwe amekuja kutibiwa. Mume wangu akifanyia kazi nyumbani, mama anawanyamazisha watoto: "Baba yenu yuko kazini." Nikifanya mimi, anakuja na ungo wa mchele: "Si upo tu, nisaidie kuchambua." Kikao cha bajeti nilikifanyia ndani ya gari la jirani, nimefunga vioo, jasho linanitoka, na jogoo bado alisikika. Bosi akauliza kama niko shamba.

Bado sijataja umeme. Mgao ule wa mwishoni mwa 2023 mnaukumbuka. Ofisini lilikuwepo jenereta. Nyumbani kuna mshumaa. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini pwani ya Afrika Kusini siku ya Jumapili, Jumatatu tumekaa tunaangalia kiduara kinazunguka. Siku za uchaguzi wa Oktoba 2025 intaneti ikazimwa nchi nzima. Kwenye siku kama hizo mwenzenu unahesabiwa umefanya kazi au umetoroka? Nani anajua?

Kwa hiyo msiniulize kama naipenda. Foleni naichukia kama ninyi. Nauliza ofisi ikihamia kwangu, kodi yake analipa nani?


MCHANGIAJI, Nakuru

Dada wa Mwanza amesema yote. Mimi nilikuwa wa kazi za mtandaoni kabisa, kuwekea picha alama ili mashine zijifunze. Hakuna ofisi, hakuna meneja, jukwaa tu. Machi 2024 naamka, akaunti haifunguki, barua pepe ya mistari michache: hatutoi tena huduma nchini kwenu. Nilikuwa nadai malipo ya wiki. Nimdai nani, mlango wake uko wapi? Angalau wewe wa Posta una jengo la kwenda kupigia kelele.


MLETA MADA

Nimesoma usiku kucha, na nikiri kwamba dada wa Mwanza amenihamisha nilipokuwa nimesimama. Nilikuja kudai haki ya kukaa nyumbani. Nyumbani kwangu kuna chumba cha ziada, mke wangu anashinda dukani, mtoto mmoja yuko bweni. Nilidhani nazungumzia wafanyakazi, kumbe nazungumzia chumba changu.

Basi nalibadilisha dai. Siku mbili kwa wiki, kwa anayeomba, na mwajiri akikataa aandike sababu. Bosi akikuweka nyumbani yeye mwenyewe, au akakuruhusu, alipe kilichohama. Ureno wameandika kwenye sheria yao ya mwishoni mwa 2021 kwamba mwajiri anabeba gharama za ziada za umeme na intaneti, na asimsumbue mtu nje ya saa zake. Mimi mwezi wa siku tatu kwa wiki bando peke yake lilikuwa 30,000, na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nilianza kuweka mara mbili pale nilipokuwa naweka mara moja. Kwenye barua yangu ya ajira hakuna mstari unaosema mimi ndiye mwenye nyumba wa kampuni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwanasheria kama yupo humu atusaidie jingine: nikiteleza jikoni saa tano asubuhi nimeshika simu ya kikao, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unanitambua niko kazini au niko kwangu nachemsha chai?

Na asiyetaka kukaa nyumbani asilazimishwe. Hilo sikuliwaza kabisa mwanzoni. Kijana wa Tanga anahitaji meza yenye mkongwe pembeni, dada wa Mwanza anahitaji mlango unaofungwa. Kampuni inayorudisha ghorofa kwa mwenye jengo na kuwaambia watu "sasa ni mtandaoni" imejiongezea faida kwa sebule za watu.


MWENYE KAMPUNI, Arusha

Leo nimekaa na mhasibu wangu, tukapiga hesabu kwa watu wote 11: bando, pamoja na kitu cha LUKU, siku mbili kwa wiki. Imetoka chini ya robo ya kodi ninayolipa kwa ghorofa ya pili, ambayo Ijumaa inakuwa na watu wanne na mashine ya kahawa. Kwa hiyo hapo sina cha kubisha, mkuu. Nitawalipa.

Ila nimewauliza pia, kila mmoja kwa siri, kama ana chumba cha kufanyia kazi. Watatu wamesema wanacho. Wanane waliobaki nikiwapa siku za nyumbani ni kama nimewapa gari nami najua hawana barabara, na nikiwapa hao watatu peke yao ofisi itawaka moto. Bado sijajua naanzia wapi. Ghorofa ya pili naishikilia hadi Juni.