Naomba ushauri: picha ya 3D inajirudia kwa msaidizi, na giza tukibana diafragma (tundu la kamera linalopitisha mwanga)

Habari za kazi wakuu. Kamera ya 3D imefungwa juu ya hadubini ya upasuaji wa macho badala ya lenzi za kutazamia. Skrini ni ya inchi 55, iko mita 1.2 hivi mbele ya daktari. Kwenye vitrektomia (kuondoa ute wa ndani ya jicho) daktari anaona kina vizuri, ila msaidizi aliyekaa pembeni anaona ncha ya fosepsi (koleo ndogo ya upasuaji) mbili mbili. Miwani imefutwa, ikabadilishwa, bado. Skrini za miwani ya polaraizi zinataka kimo sahihi: macho yakiwa juu au chini mno ya katikati yake, picha ya jicho la kushoto inavujia la kulia. Skrini tuishushe, tuiinamishe, au msaidizi apewe skrini yake?

La pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Diafragma ikibanwa hadi 30% kina cha fokasi (eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kwa ukali) kinaongezeka, lakini picha inakuwa giza. Tukipandisha geini (kamera kukuza mwanga kielektroniki) picha inajaa chengachenga, na ukingo wa utando juu ya makula (katikati ya retina) haushikiki kwa uhakika. Kuongeza taa ndani ya jicho sitaki, retina inaumizwa na mwanga. Mizani ya weupe (kurekebisha rangi ili nyeupe ionekane nyeupe) tunaifanya kabla ya kuanza, kwa taa ile ile. Wenye uzoefu, mnaanzia diafragma na geini ngapi?