Naipenda Berserk, lakini kuna kurasa nazifunika kwa kiganja

Fundi_Ngamiani:

Habari za jioni wakuu. Uzi huu si wa cherehani, ingawa mwenyewe ni fundi cherehani hapa Tanga. Nina miaka 34, mume, watoto wawili, na mtoto wa kaka yangu wa miaka 13 anakaa nasi kwa ajili ya shule.

Shida yangu ni manga moja, yaani katuni ya Kijapani, Berserk ya Kentaro Miura. Mteja wangu, kijana wa chuo aliyeleta suruali ya kupunguza kiuno, ndiye aliyeniponza. Alinipa simu yake akasema, "Dada, wewe mtu wa mishono, hebu tazama mistari ya huyu jamaa." Nikatazama. Kwa mtu anayeshinda na chaki na rula, ile kazi ni balaa. Kila mkunjo wa joho la Guts, shujaa wa hadithi, umekaa kama vile mchoraji aliwahi kulikata na kulishona mwenyewe.

Sasa, kurasa za mwanzo kabisa za juzuu ya 1, Guts amelala na mwanamke, mwanamke anageuka zimwi, naye anamlipua kwa mzinga uliofichwa kwenye mkono wa chuma. Nikadhani ubaya wenyewe ndio huo. Kumbe niko barazani tu, ndani sijaingia.

Nikafika juzuu ya 13. Walioisoma wanajua: kupatwa kwa jua. Griffith, kiongozi wa mamluki wa Kundi la Mwewe, anawatoa kafara wenzake, watu waliomfia vitani, halafu anamfanyia Casca, mwanamke mpiganaji wa kundi hilo na mpenzi wa Guts, alichomfanyia, Guts akiwa ameshikiliwa atazame. Nilifunika kioo cha simu kwa kiganja, nikawa nasogeza kurasa kwa kidole gumba huku nachungulia kama mtoto. Siku mbili chakula hakikupita. Siku ya tatu nikanunua bando, nikaingia juzuu ya 14.

Mwezi wa Ramadhani manga hii niliiweka kando kabisa. Idi pili, wageni wameaga tu, hawajafika hata kona ya mtaa, masufuria yako karoni, mimi niko juzuu ya 15.

Bibi yangu wa Pangani naye alitusimulia mambo ya kutisha. Zimwi lilimtia msichana ndani ya ngoma, Nunda akala watu wa mji mzima. Lakini bibi alisema "akamla", akapita, tukaenda kulala. Miura hapiti. Anakaa hapohapo, anachora jino moja moja.

Juzi mtoto wa kaka kachungulia begani kwangu: "Shangazi, huyu mwenye upanga mkubwa kuliko yeye mwenyewe ni nani?" Nikamjibu ni mtu ana matatizo yake, nikazima simu. Mkono ulikuwa unanitetemeka kama mwizi.

Nyinyi mnaoisoma, mnajiambiaje?

Mtu_Pwani:

Dada, futa hiyo kitu, tubu, nunua kitambaa kwa pesa ya bando.

Kalamu_ya_Mvita:

Dadangu, mimi nachora katuni hapa Mombasa, nami nilizunguka na swali hilo miaka. Nitakwambia kitu kilichonibakisha. Unakumbuka Guts mdogo? Mamake alinyongwa, yeye akaangukia kwenye tope chini ya mti. Halafu Gambino, yule aliyemlea, akamuuza kwa askari usiku mmoja kwa vipande vitatu vya fedha. Kurasa zenyewe ni chache. Lakini tazama mtoto yule akikua: hataki kuguswa na mtu yeyote. Baadaye, kule msituni, yuko na mwanamke anayempenda, ule usiku wa utotoni ukamrudia hadi akamkaba Casca shingo bila kujijua. Kisha akalia na kumsimulia yote.

Wachoraji wengi wa mambo ya mapanga na majini humpa shujaa kidonda ili apendeze. Miura alikifuata kile kidonda juzuu baada ya juzuu, kikakataa kupona. Kwa hiyo mimi huuliza hivi: hii picha mbaya, je, kuna mtu ndani ya kitabu anayeilipia? Kama yupo, nakaa. Kama imewekwa ya kutamanisha tu, naruka, wala sioni haya. Na zipo za kuruka, tusidanganyane.

Niliishia_17:

Kalamu umenena vizuri, ila mimi hapo kwenye kuruka ndipo nilipochoka. Usiku ule wa juzuu ya 17, wa Farnese, yule mwanamke kamanda wa askari wa dini, na yule farasi aliyepagawa. Hakuna aliyehitaji kukiona kile. Nikafunga, sikurudi tena. Nina mabinti wawili. Simhukumu anayeendelea, lakini msije kuniambia sikuelewa sanaa. Nilielewa sana.

Sanduku_la_Vitabu:

Nawasalimu kutoka Toronto. Niongeze jambo ambalo simu inalificha. Ukisoma kwenye simu, Berserk inakaa bega kwa bega na katuni za watoto, zote ni picha nyeusi na nyeupe. Kule Japani haikuwa hivyo. Ilianza 1989, na muda mwingi imetoka kwenye gazeti la Young Animal, ambalo soko lake ni wanaume watu wazima na jaladani lina wasichana wa nguo za kuogelea. Baadhi ya kurasa zinazowakera zinanukia gazeti hilo. Huku Marekani ya Kaskazini wachapishaji wake, Dark Horse, wanaiuza imefungwa nailoni, na onyo juu. Mimi ninazo zile kubwa za jalada jeusi, juzuu tatu katika kitabu kimoja. Ziko rafu ya juu, mwanangu hafiki hata kwa kiti.

Miura mwenyewe alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 54, mshipa mkubwa wa moyo ulichanika. Rafiki yake wa tangu shuleni, Kouji Mori, ambaye alikuwa amesimuliwa hadithi nzima zamani, anaiendeleza tangu 2022 na wasaidizi wa marehemu.

Bando_Limeisha:

Niko juzuu ya 21, jamani msinimalizie utamu!!

Fundi_Ngamiani:

Nimerudi baada ya miezi miwili, nilikuwa na sare za shule. Bando, kaka, acha kusoma hapa, namalizia utamu.

Kalamu, lile swali lako la nani analipia nililibeba, nikarudi juzuu ya 13 mchana kweupe, dukani, mlango wazi. Safari hii niliangalia kama ninavyoangalia gauni la mtu mwingine, naligeuza ndani nje. Nikaona kitu. Kiwiliwili kinachoteswa ni cha Casca, lakini jicho tunalopewa ni la Guts. Mkono wake umenaswa mdomoni mwa zimwi, anaukata mwenyewe kwa upanga uliovunjika, jicho la kulia linatobolewa. Hasira ni yake, na safari ya kulipiza kisasi ni yake. Casca, aliyeongoza kundi zima mwaka mzima Griffith akiwa gerezani, anabaki bila akili wala neno hadi juzuu ya 40. Hiyo imetoka Japani 2018! Hapo Miura simwachii. Nampenda, ila simwachii.

Lakini alipozinduka, nililia kwelikweli, mteja akafikiri nimefiwa. Amerudi Casca yule yule, anacheka, anaongea, lakini akimtazama Guts tu yale yote yanamrudia, anapiga kelele. Mtu aliyemvusha milima na bahari ndiye asiyeweza kumtazama. Nina rafiki nisiyeweza kumtaja aliyeishi kitu kama hicho na mumewe, mtu mwema kabisa, na sijawahi kuona popote kikisemwa. Nikakikuta kwenye katuni ya mazimwi.

Halafu sasa huyo Mori anakuja, na Griffith anamchukua tena Casca! Nimekasirika hadi nimechoma pasi sketi ya watu.

Niliishia_17, wewe nakuelewa zaidi ya wote. Ule usiku wa farasi niliuruka, na sirudi.

Simu nimeiwekea namba ya siri. Mtoto wa kaka akaninunia wiki nzima. Jana nakagua daftari lake la hesabu, nyuma kachora mtu ana upanga mrefu kuliko ukurasa, joho limesimama kama ubao. Nikachukua penseli nikamwonyesha kitambaa kinavyoanguka begani.