Vijiti vya bogenvilia: nivitie majini, mchangani, au nifunge tawi?

Jirani wa Kibada

Wakuu, habari za jioni.

Nina ukuta wa nyuma wenye mita kama 25, tofali tupu, jua linaupiga tangu saa nne mpaka magharibi. Nataka kuufunika kwa bogenvilia. Kitaluni mche mmoja nauziwa shilingi 5,000, na nikipanda kila baada ya mita moja nahitaji miche 25. Hesabu mnaiona. Juzi jirani kapogoa za kwake, kaacha lundo la matawi kando ya barabara, ya zambarau na meupe, nikajisemea riziki ndiyo hii.

Ila nina kidonda. Mwezi uliopita nilikata vijiti 12, nikavitia kwenye chupa za maji dirishani jikoni. Siku ya kumi vikaanza kunuka. Ya ishirini ganda linabanduka lenyewe ukiligusa. Hakuna hata kimoja kilichotoa mzizi. Haibiskasi ya mke wangu, dirisha lile lile, maji ya bomba lile lile, imetoa mizizi myeupe ndani ya wiki tatu. Ananicheka mpaka leo.

Wenye uzoefu nilinganishieni: maji, mchanga, kuchomeka ardhini moja kwa moja, au ile ya kufunga tawi likiwa bado juu ya mti? Na homoni ya dukani ya kuotesha mizizi inasaidia, au ni kuliwa hela tu?

MamaViriba

Kaka, maji hayana kosa. Umeyapa mmea usioyapenda.

Nina kakitalu kando ya barabara, mwaka wa tisa huu. Majini natia haibiskasi, krotoni, akalifa, na olianda (hiyo ina sumu jani mpaka shina, maji yake mtoto asiyafikie). Bogenvilia ukiitia majini, chini inakosa hewa, kidonda kinaoza kabla mizizi haijaamka. Na hata hiyo haibiskasi ya shemeji asiikawize. Mizizi iliyozaliwa majini ni mitepetevu, ikifika sentimita 2 au 3 ihamie kwenye udongo. Akisubiri ijae chupa, siku ya kuhamisha itakatika yote na mmea utanyauka kana kwamba haukuwa na mzizi.

Bogenvilia mimi ni mchanga tu. Mchanga wa mto, ule mkwaruzo, sio wa ufukweni maana una chumvi. Nauchekecha, naumwagia maji ya moto, unapoa, nauchanganya nusu kwa nusu na makumbi ya nazi yaliyosagwa na kulowekwa siku mbili huku nabadilisha maji. Najaza kwenye viriba vidogo (vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea miche), kijiti kimoja kiriba kimoja. Usivirundike kwenye ndoo moja! Mizizi ya bogenvilia ni myembamba kama uzi na haitaki kuguswa. Ukianza kuitenganisha, umeua.

Kijiti chenyewe: sio ile ncha ya kijani inayopinda kama kamba, wala sio gogo. Chukua pale rangi inapoanza kugeuka kahawia, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, chenye vifundo vinne au vitano. Kata asubuhi mapema mmea ukiwa umeshiba maji. Chini kata mshazari, karibu kabisa na kifundo. Juu kata sawa. Hiyo sio mapambo, ni alama, usije ukakipanda kichwa chini, maana kikipinduliwa hakioti. Ondoa maua yote. Majani bakiza mawili matatu ya juu, uyakate nusu. Vifundo viwili viingie mchangani.

Lile lundo la jirani, kama limelala juani siku mbili, achana nalo. Nenda kamwombe mabichi.

Chapa Jembe

Mnajisumbua. Kwetu Muheza bibi alikuwa anakata tawi nene kama mpini wa jembe mwezi wa nne, anachomeka kwenye tope la masika, anaondoka zake. Mwaka unaofuata ua la kuzungushia nyumba limefunga. Hakuna chekecheo, hakuna maji ya moto. Mbona mhogo hamuufanyii sherehe hizo?

MamaViriba

Chapa Jembe, bibi alichomeka mangapi, yakashika mangapi? Hakuhesabu kwa sababu matawi alikuwa hayanunui, na nafasi ilikuwapo.

Sikukatalii lakini. Tawi nene lina akiba ndani, kama hiyo pingili ya mhogo ilivyojaa wanga, ndiyo maana linaweza kukaa wiki nyingi bila mzizi na bado lina uhai. Na masika hewa ina unyevu mpaka nguo hazikauki, jani halipotezi maji. Ukifanya hivyo hivyo Januari hapa Dar, utakuwa umechomeka kuni.

Akitaka ua la minyaa achomeke hivyo tu, hata kipofu anaweza. Au tuseme hivi: macho ayalinde, ule utomvu mweupe ukiingia jichoni ni hospitali.

Limuru Bila Jua

Hamjambo nyote. Mimi niko Limuru, Kenya, na huku mambo ni tofauti kidogo. Mwezi wa saba kuna ukungu hadi saa sita mchana, kijiti hakinyauki, lakini pia hakifanyi lolote. Kimekaa tu kama mgeni asiyeaga.

Ninaotesha waridi zaidi. Kilichonisaidia ni joto la chini. Trei niliitoa kibarazani nikaiweka juu ya friji, pale nyuma panapopata uvuguvugu, na waridi zilizokuwa zinachukua miezi mitatu zikaanza kushika kwa wiki sita. Mchanga ukiwa na nyuzijoto 21 hadi 25 hivi, mizizi inakuja. Hewa ya juu ikiwa baridi kidogo, si neno.

Halafu chupa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, funika kijiti, kizibo kikiwa juu. Matone yakiwa mazito ndani, fungua kizibo kwa saa moja hivi. Usiiweke juani hata kidogo, utakuwa unapika mboga.

Na kwa wale wanaokata vijiti kwenye shada la harusi: waridi za mashamba ya Naivasha kwa kawaida zimeunganishwa juu ya shina la aina nyingine, mara nyingi Natal Briar, kwa ajili ya nguvu ya mizizi. Ukichukua lile ua ukaliotesha kwa mizizi yake lenyewe, likikubali, usishangae likiwa dhaifu kuliko ulivyoliona dukani. Mimi huomba vijiti vya waridi za zamani za kina nyanya, zile zenye harufu. Hizo zimezoea kubebwa kwa mkono kutoka boma hadi boma.

Bi Kikuba

Assalaam alaykum. Nimesoma yote, hakuna aliyejibu suala la kufunga tawi, na ndilo alilouliza mwanangu wa Kibada.

Sisi huku Unguja asumini haikatwi vijiti. Unalivuta tawi la chini, unalikwaruza tumboni kidogo, unalilaza kwenye udongo na kuligandamiza kwa jiwe, ncha unaiacha nje. Baada ya miezi miwili ukilivuta linakataa kutoka, basi limekwisha kuwa mti. Unalikata kwa mama yake, unalihamisha. Maua ya vikuba, vile vishada vya harufu wanavyojipamba wanawake, yanatoka kwenye miti iliyolazwa hivyo na mama zetu.

Tawi la bogenvilia lina miba na haliinami vizuri, basi hilo ulifunge huko huko juu. Chagua tawi la unene wa kidole. Chubua ganda pande zote, pete ya upana wa sentimita 2 au 3, na ule utelezi wa kijani ulio chini yake uukwangue mpaka mti uwe mkavu. Ukiuwacha, kidonda kitajifunga na hutoona mzizi. Twaa makumbi yaliyolowa, uyakamue yasidondoke maji, uyazungushe donge la ukubwa wa ngumi, uyafunge kwa nailoni. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku, lakini lile karatasi la mkate lafaa sana. Kaza juu na chini, mvua isiingie na chungu wasiingie. Wiki sita mpaka nane, utaiona mizizi kwa nje.

Raha yake tawi bado lanyonya kwa mama, halifi kwa kiu hata ukisafiri. Tabu yake huwezi kufunga matawi 25 ya jirani, atakuchukia.

Bwana Shamba Mstaafu

Naomba nijibu la homoni, maana hapo ndipo watu wanapoibiwa.

Inayotumika sana inaitwa IBA. Unga wa dukani huwa na nguvu tatu: asilimia 0.1 kwa vijiti laini, 0.3 kwa vilivyokomaa nusu, 0.8 kwa vigumu. Vingine huandika 1,000, 3,000 na 8,000, ni kitu kile kile kwa kipimo cha sehemu kwa milioni. Kwa bogenvilia ya unene wa penseli chukua 0.3. Kwa duranta, akalifa na haibiskasi ni kutupa pesa, zitatoa mizizi zenyewe. Zaidi sio bora: kipimo kikizidi, kitako cha kijiti huungua na kuwa cheusi.

Mimina kidogo kwenye kisahani, chovya kitako, kung'uta. Usichovye ndani ya kopo, unyevu na vimelea vitaliharibu lote. Liweke kwenye friji. Kopo lililokaa dirishani kwa mwenye duka mwaka mzima ni unga wa kawaida, na ndiyo maana wengi husema homoni ni uongo.

Asali na mdalasini hazina homoni ya mizizi. Husaidia kuzuia vimelea kwenye kidonda, basi. Maji ya dafu nayasikia sana pwani. Dafu lina homoni kweli, ila ni ya aina inayochochea chembe kugawanyika na machipukizi kutoka, na aina hiyo kwa kawaida huzuia mizizi. Tena lina sukari, na sukari mchangani ni karamu ya kuvu. Kunywa dafu, panda kijiti.

Na mkasi, jamani. Futa kwa spiriti kila unapohama mmea. Ugonjwa husafiri na makali.

Jirani wa Kibada (wiki nane baadaye)

Wakuu, nimerudi na matokeo. Niliandika kwenye daftari, Chapa Jembe asije akasema nimepika.

Viriba vya mchanga na makumbi, chini ya mwembe: vijiti 24, nusu kwa homoni ya 0.3, nusu bila. Vyenye homoni vimeshika 9 kati ya 12. Bila homoni 6 kati ya 12, na vimechelewa kama siku kumi.

Vinene vya kuchomeka ardhini: 10. Hapa nilijiaibisha. Wiki ya pili vinane vilitoa majani, nikamtumia picha kila mtu. Nikamtumia mpaka shemeji yangu Songea. Wiki ya tano yakaanza kunyauka kimoja baada ya kingine. Niking'oa, chini hakuna kitu, kijiti kilikuwa kinakula akiba yake tu. Vimebaki vitatu.

Kufunga tawi: jirani kaniruhusu matatu. Yote matatu yalitoa mizizi, moja likavunjwa na mpira wa watoto. Bi Kikuba, ule utelezi wa kijani niliukwangua mpaka mikono ikauma, asante sana bibi.

Jumla 20. Pungufu tano, na karibu yote niliyopoteza ni meupe. Zambarau zinashika, nyeupe zinanigomea. Ni mimi, au ndivyo zilivyo?

MamaViriba

Ndivyo zilivyo, nyeupe kwangu pia zinadeka, ndiyo maana bei yake iko juu. Rudia hizo kwa homoni, au mfunge jirani matawi mawili meupe.

Hivyo 15 usiviharakishe. Subiri uone mizizi inachungulia kwenye matundu ya kiriba. Halafu wiki mbili tatu vipate jua la asubuhi tu, ndipo uvipeleke ukutani. Siku ya kupanda chana kiriba kwa wembe, shusha na donge lake zima. Na acha kuving'oa kuangalia! Ukitaka kujua, vuta taratibu kwa vidole viwili. Kikikataa, kimeshika.

Chapa Jembe

Tatu kati ya kumi bila chupa, bila homoni, bila friji. Bibi yangu kashinda.

Limuru Bila Jua

Bibi yako alikuwa na shamba, huyu ana ukuta.

Jirani wa Kibada

Hahaha. Haya, mke wangu kasoma uzi huu wote, sasa anataka asumini mlangoni. Kapewa ruhusa ya tawi moja kwa mama mmoja hapa mtaani. Bi Kikuba, tulilaze upande wa jua au wa kivuli?

Bi Kikuba

Jua la asubuhi, mwanangu. Na jiwe liwe zito, kuku wasilifukue.